Sukari ya Mwanaasha

Mwaka themanini na tatu, alipooa, Khalfani alikuwa mwembamba hata wenzake kiwandani wakamwita Fito. Si kwamba aliumwa. Nchi nzima ilikuwa imekonda. Sukari ilikuwa hadithi, sabuni hadithi, na mafuta ya kula yakionekana kwenye duka la ushirika, habari ilizunguka mtaa wao wa Kiwalani wote kabla gari halijamaliza kushusha. Watu walikuwa wakipanga mawe kwenye foleni kushika nafasi, wakienda kuchota maji wanarudi wanakuta foleni imeyeyuka na mawe yao yamebaki palepale yakiwatazama. Wanaoitamani miaka ile kwa jumla wana usahaulifu wa ajabu. Lakini kila mtu ana kipande chake cha miaka ile anachokitamani kwa siri, na Khalfani alikuwa na chake.

Harusi yake na Mwanaasha ililiwa kwa muhogo wa kuchemsha na dagaa. Mchele ulipatikana wa sinia moja tu, likapelekwa kwa wazee waliokaa barazani. Waliobaki wote, bibi harusi akiwemo, walikula muhogo. Mashangazi wa Mwanaasha walikuwa wametoka Temeke wamejipara kwa ajili ya pilau, na walipoona kilichofunikwa kwa kawa walicheka bila kuziba midomo. Mmoja wao, mwanamke mwenye sauti iliyozoea kuvuka kuta, akasema mpaka jikoni wakasikia, "Mwali wetu kaolewa kwa dagaa. Tutamtunza kwa chumvi."

Mwanaasha alikuwa chumbani, kavikwa, haruhusiwi kusema neno. Alilimeza. Kuna watu wakimeza jambo linayeyuka, na kuna watu linakaa hapo hapo miaka. Yeye alikuwa wa kundi la pili.

Asubuhi ya kwanza ya ndoa yao alimwekea mumewe chai ya rangi isiyo na sukari. Khalfani akatoa mfukoni peremende moja aliyopewa na msimamizi wake kiwandani kama zawadi ya harusi, na tusicheke, ilikuwa zawadi. Mwanaasha akaiweka kwenye pindo la khanga, akaing'ata katikati kwa meno, akafungua. Vipande havikulingana. Akampa mumewe kile kikubwa. Kila mmoja akaweka chake shavuni, wakanywa chai ikipita juu ya utamu.

"Sukari ikirudi," Mwanaasha akasema, "mie nitakutilia vijiko vinne. Nitakoroga mwenyewe. Na dagaa hawaingii tena ndani mwangu, naapa."

Khalfani alicheka. Mwenzake hakucheka.

Sukari ikarudi. Ilirudi pole pole, kisha ikaja kwa kishindo, enzi ile watu waliyoiita ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na vumbi na bati la sumu ya panya yakajaa mafuta ya kopo, mchele mrefu mweupe uliotoka ng'ambo, maziwa ya unga, sabuni za kunukia, soda za kila rangi. Jioni, ukipita Kiwalani, kila ua ulikuwa unakaanga kitu. Harufu ya mafuta ya moto ikawa ndiyo harufu ya amani. Mtu alikuwa akisimama njiani bila sababu, anavuta pumzi, anatabasamu, anaendelea na safari yake.

Mwanaasha akatimiza alichosema. Chai ya Khalfani ilikuwa na vijiko vinne vya sukari, vimejaa, na kijiko chenyewe mumewe hakuwahi kukigusa. Maandazi ya asubuhi yalikuwa na nazi na iliki. Chapati zake zilisukumwa na kukunjwa na kupakwa samli mpaka zikiinuliwa zinaacha alama kwenye sahani. Ijumaa ilikuwa pilau. Jumapili wali wa nazi na kuku. Siku za kati alibuni, na alikuwa hodari wa kubuni. Wakati mwingine Khalfani alikuwa anainua macho kutoka kwenye sinia anamkuta mkewe ameacha kula, ameshika tama, anamtazama yeye tu anavyotafuna. Hakuna mtu aliyewahi kumtazama hivyo. Alikuwa akiongeza tonge lingine hata kama amekwisha kushiba, kwa ajili ya yale macho.

Mwaka tisini na mbili kiwanda kikapunguza watu. Khalfani alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia nguo, na kwa miaka kumi na ushei alikuwa akitembea kwa miguu kwenda kazini, kando ya reli, na kurudi, na huko kazini hakukaa, maana mitambo haimngoji mtu aliyekaa. Sasa akafungua duka barabarani, na katika duka kuna kiti. Alikaa. Alikaa asubuhi, adhuhuri na alasiri. Alichonga hata kijiti chenye ncha ya msumari uliopindwa, akawa anaangulia vitu rafuni bila kunyanyuka. Soda zilikuwa chini ya mkono wa kulia, kashata na biskuti chini ya mkono wa kushoto. Mchana, Mwanaasha alimpelekea chakula kwenye hotpoti ya ngazi tatu, nyekundu, yenye maua, na wapita njia walijua ni saa ngapi kwa kuiona ile hotpoti ikipita.

Fito akatoweka. Mahali pake akakaa mtu mwenye shingo, mashavu na kitambi cha heshima. Watu wakamwita Bosi, ijapokuwa duka lenyewe lilikuwa dogo kiasi kwamba akigeuka ilibidi bidhaa zimpishe. Miaka ile kitambi kilikuwa cheti. Kilisema huyu kapona ule ukame, huyu anaye mke. Fundi cherehani aliongeza suruali zake kiuno mara hii na mara ile, na kila alipoongeza Mwanaasha alimpa mkono wa ahsante kana kwamba ni yeye aliyefanya kazi. Yule shangazi wa sauti kubwa alikuja siku moja, akamtazama Khalfani juu mpaka chini, akasema, "Mashaallah, mwanaume kanawiri." Mwanaasha siku hiyo alipika biriani, tena katikati ya wiki.

Uchovu ulianza kwa kunyata. Kwanza Khalfani alilaumu joto, kisha akalaumu kiti. Halafu kikaja kitu kama uzito chini ya mbavu za kulia, hakiumi sana ila hakiondoki. Mwaka tisini na sita, mwanzoni, alikuwa Kariakoo kwa Mzee Valimohamed, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa akimuuzia sukari na mafuta kwa jumla tangu afungue duka. Akainama kushika gunia kama alivyozoea, na dunia ikazunguka. Aliposhtuka alikuwa amekaa juu ya gunia lenyewe na Valimohamed anampepea kwa kipande cha boksi.

"Nenda kwa binti yangu Shaista," Mzee Valimohamed akamwambia. "Leo, si kesho. Mwambie nimekutuma mie."

Daktari Shaista alikuwa na kliniki ndogo mjini, mwanamke mdogo wa umri, mwenye miwani na maneno yasiyozunguka. Alimlaza Khalfani kitandani, akampaka tumboni kitu cha baridi chenye kuteleza, akawa anapitisha kidude chake huku anatazama kioo. Akatazama sana upande wa kulia.

"Unakunywa?"

"Soda," akajibu Khalfani. "Na chai."

"Nauliza pombe."

Khalfani akainuka na majimaji yake tumboni. "Daktari, baba yangu mie alikuwa muadhini. Pombe naijua kwa harufu, tena harufu yenyewe ya rafiki yangu Revelian."

"Sawa, lala. Niambie unakula nini. Anzia asubuhi."

Akaanza kwa fahari. Chai, maandazi, wakati mwingine chapati. "Sukari?" Vijiko vinne. "Unatia mwenyewe?" Anatia mke wangu. "Na chapati?" Mke wangu. "Hiyo samli?" Hapo sauti ya Khalfani ikapungua. Alipofika kwenye hotpoti na ngazi zake tatu alikuwa ananong'ona, kama mtu anayemsema mwenzake kwa polisi.

"Ini lako limejaa mafuta," Shaista akasema. "Ini lenye afya linatakiwa lionekane jeusi jeusi hapa kwenye kioo. La kwako linang'aa."

"Mafuta yamefikaje huko?"

"Mengi hayakuingia kama mafuta. Yameingia kama sukari, kama soda, kama wali. Wewe una duka, sivyo? Mzigo ukiingia kila siku na wateja hawaji, unafanyaje?"

"Naupanga stoo."

"Stoo ikijaa?"

"Naupanga chumbani."

"Na chumba kikijaa?"

"Nalala nje, daktari."

Shaista akacheka, kisha akaacha kucheka. "Wateja wa mwili ni misuli, na wewe umeikalisha kwenye kiti. Kwa hiyo ini linachukua ule utamu linaugeuza mafuta, linapanga. Bado hujalala nje, lakini kitanda umeshakitoa. Na sukari kwenye damu imeanza kupanda. Ukiendelea hivi, ini litafanya makovu, litakuwa gumu, na makovu hayatoki. Leo bado linaweza kurudi. Sukari acha. Soda acha. Wali kidogo sana, vya kukaanga uvisahau, mboga nyingi, maharage, samaki. Na utembee kila siku, kama ulivyokuwa ukienda kiwandani. Dawa nyingine sina." Akavua miwani. "Baba yangu anakuuzia gunia zima na mie nakukataza kijiko. Ukimwambia, nitakukana."

Njiani kurudi, Khalfani alikata kauli kwamba atamwambia mkewe siku ileile. Akaingia uani. Mwanaasha alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, akainuka, akamtazama usoni, akasema, akimwita kwa jina la binti yao kama siku zote, "Umechoka, Baba Najma. Kaa nikupe chai upate nguvu." Akatia vijiko vinne. Akakoroga. Akasimama pale, khanga begani, anamngoja anywe.

Aliinywa yote. Na wewe ungekunywa.

Kilichomfunga ulimi hakikuwa woga wa watu peke yake, ingawa nao ulikuwepo. Mtaani mwao ukisema fulani anaumwa ini, wenye midomo walijibu kwa kuinua kikombe hewani, na yeye mtoto wa muadhini asingeweza kuzunguka nyumba kwa nyumba akieleza habari za stoo na magunia. Kilichomfunga hasa ni ile harusi ya dagaa. Mwanaasha alikuwa amejenga miaka kumi na tatu juu ya lile cheko la mashangazi, tofali kwa tofali, chapati kwa chapati. Leo amwambie kwamba mkono wake ndio unaomuua? Alijaribu kulipanga jambo hilo katika sentensi. Kila alivyolipanga lilitoka na jina la mkewe ndani yake.

Nje ya duka lake, chini ya turubai, alikuwa akitengeneza baiskeli Revelian, Mhaya, aliyefanya naye kazi kiwandani na kupunguzwa naye siku moja. Mkewe, Yustina, alimfungia mchana bakuli ndani ya kitambaa: ndizi za kuchemsha, maharage, mchicha, nyanya chungu. Kila siku. Revelian alikuwa akifungua kile kitambaa kwa uso wa mtu anayefungua barua ya mahakama.

"Nikifa wanizike na mkungu," alikuwa akisema.

Khalfani alimweleza habari yote. Revelian alicheka mpaka akashika gurudumu la mteja asianguke. "Yaani pombe ninywe mie, ini liugue la kwako!" Kisha akaona rafiki yake hacheki, naye akaliachia gurudumu. Wakatazama bakuli. Wakatazama hotpoti. Mikono ilipishana yenyewe.

Mpango ulikuwa mwepesi na ukafanya kazi vizuri mno. Pilau, sambusa na kuku wa nazi vikaenda kwa Revelian. Ndizi na maharage vikaja kwa Khalfani. Chai ya asubuhi aliomba iwekwe kwenye chupa, eti ainywe dukani kwa utulivu, nayo ikaishia chini ya turubai pamoja na vijiko vyake vinne. Usiku Khalfani alikula matonge mawili matatu akisingizia mchana ameshiba, na hotpoti tupu ilimtolea ushahidi. Soda aliacha, chupa iliyokuwa mkononi mwake ilikuwa na maji ya mtungi. Kijiti cha kuangulia akakivunja.

Na alitembea. Alfajiri, baada ya swala, alimuaga Mwanaasha kwamba anakwenda kuulizia mizigo, akashika njia ya zamani kando ya reli. Alikwenda mpaka geti la kiwanda. Kilikuwa kimefungwa kabisa sasa, majani yameota kwenye zege, lakini ukisimama kimya unaweza kudhani unaisikia ile mitambo, mamia yake, ikipiga kwa pamoja hadi meno yanatetemeka. Aliwakumbuka wenzake waliokuwa wakila muhogo mkavu wakicheka. Alikumbuka alivyokuwa akirudi nyumbani jioni, mwepesi, karibu anakimbia, kwa sababu kulikuwa na bibi harusi ndani na nusu ya peremende. Ilimshangaza kwamba aliyatamani yale. Aliona haya kuyatamani, akageuka akarudi kufungua duka.

Mwezi ukapita, ikapita na mingine. Mkanda wa Khalfani ukahitaji tundu jipya. Uzito wa mbavuni ukaanza kusahaulika. Upande wa pili wa turubai, Revelian alianza kung'aa paji la uso, na vishikizo vya shati lake vikawa vinalalamika.

Mwanaasha alipoona mumewe anapungua, akazidisha. Samli ikaongezeka. Ngazi ya tatu ya hotpoti, iliyokuwa ya matunda, ikageuka ya kalimati zilizolala kwenye shira. "Kula, mume wangu," alikuwa anamwambia usiku, na sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa ya kuomba. Macho yake yalikuwa mekundu mara kwa mara. Akiulizwa alisema moshi wa kuni. Wateja wengine nao wakaanza kununua mkate duka la pili, na Khalfani, mtu mjinga, akadhani ni ushindani wa biashara.

Siku ya kuumbuka ilikuwa Jumamosi, mchana mweupe. Khalfani alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda, kipande cha ndizi kimejaza shavu. Revelian alikuwa na paja la kuku. Walipoinua macho, wake zao wawili walikuwa wamesimama mbele yao bega kwa bega.

Walivyokutana ilikuja kusimuliwa baadaye. Yustina alikuwa amechoka kufua mashati ya mumewe yanayonuka iliki na karafuu, vitu ambavyo hakuwa navyo jikoni kwake. Mwanaume ananenepa na nyumbani hali, basi analishwa na mwanamke, na mwanamke huyo ni wa pwani. Akafuata harufu, na harufu ikamfikisha uani kwa Mwanaasha, mwiko mkononi, sufuria ya pilau inafuka. Yustina hakuwa mtu wa kupiga kelele. Aliuliza tu, "Mama Najma, mume wangu nimekupa lini?" Na Mwanaasha, aliyekuwa na lake moyoni, hakukasirika hata kidogo. Alimtazama, akaitazama sufuria, akafunga khanga kiunoni.

"Hicho nini, Baba Najma?" Mwanaasha akauliza sasa.

"Ndizi."

"Za nani?"

"Za shemeji Yustina."

Yustina akamgeukia wa kwake. "Na wewe?"

"Pilau," Revelian akasema. Halafu, kwa kuwa ni mtu mkweli na hakufikiri, akaongeza, "Tamu sana."

Watu wawili watatu waliokuwa wakipita wakapunguza mwendo. Mwanaasha hakuwaona. Akavuta kreti nyingine akakaa, taratibu, kama mtu aliyebeba kitu kinachomwagika.

"Chakula changu kina nini?" akauliza.

Khalfani alitamani apigiwe kelele. Angepigiwa kelele angejua la kufanya. Akameza ndizi, akasema yote, vibaya, bila mpangilio: gunia la Kariakoo, daktari, kioo, ini linalong'aa, sukari inayogeuka mafuta, stoo, makovu. Akasema hakutaka kumuumiza. Alipomaliza alisubiri kilio cha chapati zake na samli yake.

"Ni ini tu?" Mwanaasha akauliza.

"Ini."

"Hamna ugonjwa mwingine?"

"Ugonjwa gani?"

Mwanaasha akajifunika uso kwa khanga na mabega yakaanza kutikisika. Hapo ndipo Khalfani alipoelewa. Miaka ile mtu akikonda bila kusema kitu, mtaa ulikuwa na jibu moja tu, na lilikuwa halitamkwi kwa sauti. Mkate wa duka la pili. Macho mekundu. Wanawake bombani waliokuwa wakikatiza maneno kila alipopita. Yote yakamwangukia kwa mpigo, pale juu ya kreti, na bakuli la maharage mapajani.

"Mie nilishakuzika, Khalfani," Mwanaasha akasema. Hakuwa amemwita jina lake tangu Najma azaliwe. "Kila siku nakuzika, kila siku naamka nakukuta. Bombani wakiniona wananyamaza. Nikasema kama ndiyo hiyo, basi hata mie ninayo, tutakwenda wote. Lakini mume wangu hataondoka na njaa. Ndiyo nikawa naongeza samli."

Khalfani akaliweka bakuli la maharage chini. Miezi yote ile alijiona yeye ndiye mwenye huruma.

"Ungeniambia," Mwanaasha akasema, "ningekupikia hata majani."

"Uliapa dagaa hawaingii ndani."

"Niliapa kwa sababu yako! Mie na dagaa tuna ugomvi gani?"

Akainuka, akajifuta uso. Revelian akamnyooshea hotpoti kwa mikono miwili, paja la kuku likiwa bado limebaki nusu. Mwanaasha akalitazama. "Malizia, shemeji. Huna kosa wewe." Kisha akaondoka na Yustina, na watu wa njiani waliwaona wanawake wale wawili wakitembea pamoja, mmoja analia na mwingine anamshika mkono, wakakosa kujua nani kamfumania nani.

Jumatatu hotpoti ilichelewa. Khalfani alikuwa amekaa siku mbili na mke asiyemnunia wala kumchekea, na alipoiona ile rangi nyekundu inakuja, alisimama kuipokea. Akafungua ngazi ya kwanza. Mchicha, umechemshwa na nyanya na kitunguu. Ya pili, muhogo, vipande vichache, vya kuhesabika. Akafungua ya tatu na harufu ikampiga: dagaa, wamepikwa kwa ndimu na pilipili, wakavu, hakuna tone la mafuta.

Ilikuwa karamu ya harusi yake. Akala na machozi yanamtoka, na akawaambia wateja ni pilipili.

Revelian alinyoosha shingo kutoka chini ya turubai. "Na ya kwangu?"

"Kamwombe mkeo."

"Mke wangu kasema ndizi mpaka kiama."

Walikwenda kwa Daktari Shaista pamoja, mke na mume, mvua za vuli zilipoanza. Mwanaasha aliomba kugeuziwa kioo aone mwenyewe. Hakuelewa kitu, lakini alipoambiwa ule mng'aro umefifia na ini linarudi, aliweka kiganja upande wa kulia wa tumbo la mumewe, juu ya yale majimaji ya baridi, akakiacha hapo mpaka daktari akatabasamu akaangalia pembeni.

Alasiri hiyo walikaa uani. Redio ya jirani ilikuwa inapiga taarab, na ng'ambo ya ukuta mtu alikuwa anakaanga samaki. Ile harufu ya amani, bado inapita, bado inamfanya Khalfani avute pumzi. Mwanaasha akaleta chai, vikombe viwili, ya tangawizi, haina sukari. Akakaa mkekani karibu naye. Khalfani akanywa funda moja. Ukweli ni kwamba alikuwa hajaizoea, na uso wake haukujua kusema uongo.

Mwanaasha akafungua pindo la khanga. Ilikuwamo peremende.

"Ya dukani kwako," akasema. "Nimechukua bila kuuliza."

"Daktari kasema sukari hapana."

"Kwani daktari alikuwepo mwaka themanini na tatu?"

Akaifunga, akaing'ata katikati, akafungua. Vipande havikulingana. Khalfani, kwa mazoea ya miaka yote ile, akanyoosha mkono kwenye kile kikubwa. Mwanaasha akakifumbata.

"Kikubwa changu," akasema. "Mie nataka nikuone ukizeeka."

Akamtia kile kidogo kiganjani. Khalfani akakiweka shavuni, akainua kikombe chake.